Acheni kugongelea misumari kwenye bawaba

Jamani narudia tena, najua wengine mshanisikia sana: kiti cha zamani kinachogeuka ngazi, ukikigongelea misumari eti kitulie, ushakiua. Naongea na nyie mafundi wa Keko hasa, maana mikono mnayo.

Sikilizeni kinavofanya kazi. Kile cha Morgan & Sanders, watengeneza fanicha wa London, kilichotoka kwenye jarida la Ackermann mwaka 1811, ukikikuta ni kiti cha kawaida tu chenye mikono, miguu imepinda kama upanga. Sa inama uangalie ubavuni, utaona mstari, kumbe fremu ya kikalio ni nusu mbili zimelaliana. Fungua komeo, shika egemeo ulipindue kuja mbele mpaka kichwa chake kiguse sakafu, hapo vinatokea vipandio vinne, unapanda unachukua kitabu rafu ya juu. Bawaba za mbele ndo zinashika zile nusu zisiachane, kwaiyo kiti kikianza kucheza usikimbilie nyundo, angalia matundu ya skrubu! Yakipanuka, chonga kijiti cha mbao ileile, paka gundi, kichomeke, kikikauka toboa upya urudishe skrubu ya saizi ileile. Ukiweka nene unapasua fremu, na nishaona imepasuliwa, inauma.

Mtu ataniambia hayo ya maktaba za Uingereza, sisi tumepanga chumba kimoja Manzese. Sasa si ndo wewe unayehitaji! Kuna benchi la kale la Ulaya, egemeo lake unalilaza juu ya mikono linakua meza, chini ya kikalio kuna sanduku unaweka mashuka, yani benchi, meza na stoo vimekaa sehemu moja. Halina springi wala reli, egemeo linazungukia vijiti vya mbao tu, fundi akiliona mara moja analitoa kwa mninga na linadumu. Alafu bado tunanunua meza za mbao za kubandika zinazovimba mvua ikinyesha.

Meza ya duara ya Robert Jupe, ya 1835, unaizungusha vipande vinaachana unaongezea vingine inakua kubwa, hiyo nilitaka niieleze vizuri ila naona naonyeshwa saa.

La haraka: mashine ya msasa msiipeleke kwenye maungio, mkila mbao pale zile nusu za kiti hazikutani tena. Na mwenye kiti kilichokwisha gongelewa asikate misumari kwa grenda, aniletee kwanza nikione.