Faili Kuukuu za Fimuwea: Ipi Ibaki, Ipi Iondoke

Ndugu zangu, asanteni kwa kuvumilia joto la ukumbi huu. Wenye laptopu za Linux, fungueni dirisha la amri muandike ls /lib/firmware. Hayo yanayotiririka ni faili za fimuwea: programu ndogo ambazo kerneli, yaani kiini cha Linux, huzipakia kwenye kadi ya waifai, ya bluetooth, ya michoro. Kadi nyingi hazina pa kuzihifadhi, kwa hiyo hupakiwa upya kila mashine inapowashwa.

Mwenye diski ndogo akiiona folda hiyo, mkono humwasha. Anafuta kila kilicho na tarehe ya zamani. Polepole! Draiva ya waifai ya Intel, iwlwifi (sehemu ya kerneli inayoendesha kadi hiyo), huanza kuomba faili yenye namba kubwa kabisa ya toleo inayoifahamu. Ikiikosa hushuka hadi kwenye kikomo chake cha chini. Kwa kadi ya 7260, iliyomo katika laptopu nyingi za mtumba za 2013 na 2014, namba ya mwisho ni iwlwifi-7260-17.ucode. Ifute, waifai imelala, na dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, itakuandikia "failed with error -2", maana yake faili haipo. Tena ile kerneli ya akiba kwenye GRUB, menyu ya kuwashia mashine, huenda inahitaji namba ndogo zaidi. Siku kerneli mpya ikigoma, utaangukia ile ya akiba, nayo haina mtandao.

Kwa hiyo namba ndogo haimsumbui mtu, inakula nafasi tu. Kati ya matoleo ya Linux, Fedora huipunguza nafasi hiyo kwa kubana faili kwa xz, na Arch mwezi Juni 2025 waligawa kifurushi chao kikubwa cha fimuwea kufuata watengenezaji wa kadi. Mgawanyo huo uligongana na mpangilio mpya wa faili za NVIDIA, pacman, kisakinishi cha Arch, akakwama, watu wakalazimika kukiondoa kifurushi kwa mkono na kukiweka tena.

Mimi naogopa zaidi faili isiyo na mwenyewe wa kuisasisha. Mfano Debian: toleo la 12, Juni 2023, lilihamishia fimuwea kwenye tawi jipya la ghala lake la programu, non-free-firmware. Uliyetoka toleo la 11 bila kuongeza neno hilo kwenye sources.list, orodha ya maghala, kisakinishi apt hukupa notisi tu, si kosa, na ni nani kati yetu anayesoma notisi? Waifai inafanya kazi, huku fimuwea imeganda palepale. Na marekebisho ya usalama hupitia humo pia: kasoro za waifai ziitwazo FragAttacks za 2021, kwa kadi za Intel, zilihitaji fimuwea mpya.

Mbaya kuliko hiyo ni faili uliyoidondosha mwenyewe baada ya kuipakua mahali. Kerneli hutafuta kwanza /lib/firmware/updates, ndipo ije /lib/firmware. Tena hutafuta isiyobanwa kabla ya iliyobanwa. Faili yako isiyobanwa ikikaa kando ya ile ya xz yenye jina lilelile, yako ndiyo itakayopakiwa, hata kifurushi kisasishwe mara ngapi.

Kwa Debian na Ubuntu, chukua njia kamili ya faili unayoitilia shaka, uiulizie kwa dpkg -S, amri inayotaja kifurushi chenye faili hiyo, mara moja njia ikianza na /lib, mara ya pili ikianza na /usr/lib. Ikijibu mara zote mbili kwamba hakuna kifurushi kinachoimiliki, hiyo ndiyo ya kuhamishia pembeni. Kisha modinfo -F firmware iwlwifi itakuonyesha majina ambayo draiva yako inayafahamu. Usisahau update-initramfs -u, kwani nakala ya zamani huweza kubaki ndani ya initramfs, ile picha ndogo ya mfumo inayopakiwa mwanzo wa kuwasha. Washa upya, halafu tazama dmesg imepakia toleo gani.