Mtoto Anayetumwa Dukani: Mvuto wa Riwaya za Upelelezi kwa Vijana

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi wa shule za hapa Moshi, nashukuru kupewa nafasi hii. Nimeombwa nieleze kwa nini kijana anayesinzia baada ya kurasa mbili za kitabu cha kiada hukesha na riwaya ya upelelezi. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba vijana wanapenda bastola na damu. Silikubali, kwa sababu vitu hivyo wanavipata tele kwenye filamu na simu, na bado wanaazimana vitabu hivi mpaka majalada yanachakaa.

Kwa maoni yangu, kinachowavuta ni swali ambalo wakubwa hawataki kulijibu. Kijana wa miaka 14 anaishi katika nyumba ambamo mazungumzo hukatika ghafla anapoingia sebuleni. Anajua kwamba baba zake wadogo wanagombea kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwamba shangazi na babu hawasemeshani tangu msiba ule. Akiuliza, huambiwa hayo ni mambo ya wakubwa. Riwaya ya upelelezi humpa ruhusa ya kuuliza, kwa kuwa ndani yake hata mzee anayeheshimiwa na kijiji kizima hutakiwa aeleze alikuwa wapi usiku wa tukio.

Waandishi wetu waliijua nguvu hiyo mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, na mwaka 1974 Elvis Musiba akamtoa jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Wahakiki waliziita kazi za namna hii riwaya pendwa, yaani za kuburudisha umma, na wengi wao walilitamka jina hilo kwa dharau ambayo hadi leo inaniuma, maana vitabu hivyo viliwafanya watu wengi wawe wasomaji. Hata hivyo mashujaa hao wawili ni watu wazima: Bwana Msa hukaribishwa katika nyumba za watu kama mtu mzima mwenzao, na Gamba ana serikali nyuma yake. Shujaa kijana hana bastola, hana kitambulisho, wala hana hati ya kupekua nyumba ya mtu.

Alichonacho ni kutumwa. Katika nyumba zetu mtoto hutumwa dukani, kwa fundi, kwa jirani kuomba chumvi, na popote anapopita hakuna anayemjali. Chukulieni binti aliyetumwa kutoa fedha kwa wakala wa simu karibu na soko la Mbuyuni. Anaposubiri zamu yake, daftari la wakala liko wazi mezani, na mistari michache juu ya jina la mama yake anaona jina na saini ya mjomba, tarehe ya jana, wakati nyumbani wameambiwa kwamba mjomba yuko Dodoma tangu Jumatatu. Ushahidi huo hakuupata kwa mbio wala kwa ngumi. Msomaji naye ameuona katika mstari uleule, na akiwa makini anaweza kumtangulia binti huyo. Kuaminiwa kiasi hicho ni jambo ambalo vijana wengi hawalipati darasani, ambako jibu huwa tayari mikononi mwa mwalimu.

Kuhusu hofu ya wazazi kwamba riwaya hizi hufundisha uhalifu, nitasema kwa kifupi: mwandishi mzuri hukaa muda mrefu zaidi na waliofiwa kuliko na kisu.

Ugumu mkubwa uko kwingine, na ninyi vijana mnaotaka kuandika nawaomba mtulie hapo. Mpelelezi kijana akishaujua ukweli, hawezi kumkamata mtu. Lazima achague mtu mzima mmoja wa kumweleza, naye hajui kama huyo atamwamini, atamkemea kwa kukosa adabu, au atampigia mjomba simu usiku uleule. Waandishi wengi huiruka sehemu hiyo kwa kuwaleta polisi katika ukurasa wa mwisho. Iandikeni kwa urefu, mkituonyesha binti huyo akiwapitia mmoja mmoja, mama, mwalimu wa zamu, mchungaji, mjumbe wa nyumba kumi, akikumbuka kila mmoja wao aliwahi kuitunza siri ya nani.