Iowa City kwa miguu, mpaka Highway 6

Haya wapendwa, mambo vipi huko nyumbani? Leo sina gari wala siombi lifti. Niko katikati ya Iowa City, jimbo la Iowa, Marekani, na hapa niliposimama magari hayapiti kabisa. Wenyewe wanapaita Ped Mall. Zamani ilikuwa mitaa ya kawaida tu, College na Dubuque, honi kama kawa. Miaka ya 1970 jiji likabomoa majengo mengi ya zamani kwa fedha za serikali kuu, likafunga vipande hivi, likaviacha kwa watu.

Wageni wakija wanapiga picha matofali haya na ile chemchemi ya watoto kuchezea maji. Mimi matofali hayanibabaishi. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona lile kuba la dhahabu? Old Capitol. Serikali ya jimbo ilikaa pale hadi 1857 makao makuu yalipohamia Des Moines, Chuo Kikuu cha Iowa kikarithi jengo. Kwa hiyo mwanafunzi akimaliza kipindi anavuka Mtaa wa Clinton, yuko mjini. Hakuna ukuta, hakuna geti, hakuna mlinzi wa kumwonyesha kitambulisho. Nyie wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mnaoshuka mlimani kwa daladala kufuata mahitaji mjini, mnanielewa vizuri.

Maktaba ya umma hii hapa, mlangoni kabisa. Juu ya maduka wanaishi watu, ndiyo maana hata usiku pamechangamka. Na mabasi ya jiji, tangu Agosti 2023, hayatozi nauli: unapanda, unamsalimia dereva, unakaa. Hakuna cha konda wala chenji.

Walichemka pia, tusidanganyane. Kwenye mpango uleule walijenga jengo kubwa la maduka juu ya Mtaa wa Capitol, wakauziba, likafunguliwa 1981. Mwaka 1998 likaja jengo jingine la maduka, Coral Ridge, kule mji jirani wa Coralville, kando ya barabara kuu, maegesho mpaka macho yanachoka. Maduka mengi yakahamia huko, na chuo kikaja kuchukua sehemu kubwa ya lile jengo. Ped Mall, isiyo na paa wala maegesho, bado inajaa.

Sasa hapa ndipo ninapokereka. Waswahili wenzetu, hasa ndugu zetu wa Kongo, wengi hamtawakuta wakikaa huku katikati, kodi ni kali. Wengi wako kusini, ng'ambo ya barabara kubwa iitwayo Highway 6. Huku Ped Mall mtoto anakimbia peke yake; kule mama na kigari cha mtoto anavuka barabara pana, upepo wa Januari unamchapa, akiomba wenye viwanja wawe wamezoa theluji kwenye njia ya miguu mbele yao ndani ya saa 24, kama sheria inavyotaka. Basi ni bure, sawa, lakini likikupita utalisubiri.

Ningekuwa mimi ndiye mpangaji, hela ya matofali mapya ingeanzia kule. Video ijayo tunaivuka wote hiyo Highway 6. Vaeni viatu.