Tarihi za Kwanza Zilizochapwa na Chimbuko la Taifa la Uholanzi

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni wetu,

Nawashukuru kwa kufika. Nitakayoyasema jioni hii yanahusu vitabu vichache vilivyotoka katika matbaa za Gouda, Utrecht, Antwerp na Leiden kati ya mwaka 1478 na 1517. Hoja yangu ni moja. Vitabu hivyo vilipoandikwa, taifa la Uholanzi halikuwapo, lakini viliwapa wasomaji wa mijini hadithi ya asili ambayo jimbo moja, Holland, lilijiandikia lenyewe, na hadithi hiyo ndiyo iliyokuja kuvishwa majimbo mengine yalipohitaji kujieleza kwa pamoja.

Mwishoni mwa karne ya 15, nchi tunayoizungumzia ilikuwa mkusanyiko wa majimbo, kila moja likiwa na sheria zake, baraza lake na haki zake za kale. Holland, Zeeland, Flanders na Brabant yalikuwa na mtawala mmoja kwa sababu ya ndoa na urithi tu, kwanza wa nasaba ya Burgundy, kisha wa nasaba ya Habsburg. Utrecht ilikuwa chini ya askofu wake, na Gelderland ilikuwa adui. Mtu wa Haarlem au wa Delft alijihesabu kuwa mtu wa mji wake kwanza, halafu mtu wa Holland, na zaidi ya hapo hakukuwa na jambo kubwa lililomuunganisha na mtu wa Nijmegen, mji wa Gelderland.

Tarihi, yaani vitabu vya historia vinavyofuata mpangilio wa miaka, zilizoandikwa kwa mkono zilikuwapo zamani, nyingi zikiwa za Kilatini, katika nyumba za watawa na za wakubwa. Mwaka 1478, Gerard Leeu alichapa mjini Gouda tarihi fupi ya Holland, Zeeland, Frisia na Utrecht kwa lugha ya wenyeji. Mwandishi wake hajulikani, na yaliyomo ni mchanganyiko wa nasaba za watawala, vita, na ngano za majitu na wakimbizi wa Troya, mji wa kale wa hadithi za Wagiriki. Miaka 2 baadaye, Jan Veldener wa Utrecht alichapa tafsiri ya historia ya dunia iliyotungwa na Werner Rolevinck, mtawa wa Cologne, akaiongezea historia za majimbo ya karibu. Antwerp nayo ikapata tarihi ya Brabant kutoka matbaa ya Roland van den Dorpe mwaka 1497. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mchapaji hulipia karatasi kabla ya kupata mnunuzi, hivyo kuchapa tarihi kwa Kiholanzi kunaonyesha kwamba tayari kulikuwa na wafanyabiashara, makarani na mafundi waliokuwa radhi kutoa fedha zao ili wasome habari za mababu zao.

Mwaka 1517, Jan Seversz wa Leiden alichapa kitabu kikubwa kuliko vyote hivyo, tarihi ya Holland, Zeeland na Frisia iliyogawanywa katika sehemu 32, na kutokana na mgawanyo huo Waholanzi hukiita *Divisiekroniek*. Kinaanzia kuumbwa kwa dunia na kufika mwaka uleule wa kuchapwa kwake, kikiwa na michoro mingi iliyochongwa kwenye mbao. Jina la mwandishi halimo, lakini wataalamu wanamtambua kuwa ni Cornelius Aurelius, mtawa wa shirika la Agustino aliyeishi karibu na Leiden na aliyekuwa rafiki wa Erasmus, msomi mashuhuri wa Kiholanzi, tangu ujana wao. Aurelius alikuwa msomi wa mkondo mpya, ule wa watu waliorudi kwenye maandiko ya Kirumi yaliyokuwa yakichapwa upya huko Italia, na miongoni mwa maandiko hayo yalikuwamo ya Tacitus, mwanahistoria wa Roma ya kale.

Tacitus anawataja Wabatavi, kabila lililoishi kwenye kisiwa kati ya matawi ya mto Rhine, lililosifiwa kwa ushujaa, lililosamehewa kodi na Warumi likatakiwa kutoa askari tu, na ambalo mwaka 69, chini ya Julius Civilis, liliasi dhidi ya Roma. Aurelius akashika kabila hilo na kuliweka Holland. Kwa kalamu yake, watu wa jimbo lake hawakuhitaji tena majitu wala wakimbizi wa Troya. Walikuwa na mababu waliotajwa na Mrumi mwenyewe, watu huru waliokuwa washirika wa dola kubwa na walioweza kuinua silaha heshima yao ilipovunjwa. Ngano za kale hazikuondoka zote katika kitabu, lakini uzito ulihamia kwa Wabatavi.

Gelderland haikukubali, na kwa haki. Kisiwa cha Wabatavi kilikuwa hasa kwenye eneo la Betuwe, kati ya Rhine na Waal, na mji wao mkuu ulikuwa mahali ilipo Nijmegen leo. Gerard Geldenhouwer, msomi mzaliwa wa Nijmegen, alilitetea dai hilo katika kitabu kidogo cha mwaka 1520. Aurelius alijibu kwa Kilatini, kwa ukali, na majibu yake yalichapwa mwaka 1586, yeye akiwa amekwisha kufariki zamani. Ugomvi huo haukuwa wa wasomi peke yao. Mwaka uleule wa 1517, askari waliomtumikia mtawala wa Gelderland waliingia Holland na kuupora mji wa Alkmaar. Wanunuzi wa kitabu cha Seversz walikuwa wakisoma habari za utukufu wa mababu zao huku moshi wa Alkmaar ukiwa habari ya juzi, na Mbatavi wa kwanza aliyechapwa kwa Kiholanzi alikuwa silaha ya jimbo moja dhidi ya jirani yake. Napenda tulishike jambo hili, kwa sababu vizazi vilivyofuata vililisahau.

Aurelius alikuwa raia mtiifu wa Habsburg, na tarihi yake haiwachochei watu waasi. Uasi dhidi ya Philip II, mfalme wa Uhispania wa nasaba hiyo ya Habsburg, ulianza mwaka 1568. Mwaka 1581 majimbo yaliyoasi yakamkana mfalme rasmi, yakabaki na swali gumu: kama si mfalme, mamlaka ni ya nani? Jibu lilitafutwa katika mambo ya kale. Mwaka 1587, François Vranck aliandika kwa niaba ya Baraza la Holland kwamba nchi hiyo ilikuwa imetawaliwa kwa miaka 800 na watawala waliopewa madaraka na mabaraza. Mwanasheria Hugo Grotius akaenda mbali zaidi mwaka 1610, akidai kwamba mamlaka ya mabaraza yalitoka moja kwa moja kwa Wabatavi. Kihistoria dai hilo halisimami, lakini halikuwashangaza wasomaji, kwa kuwa Divisiekroniek na muhtasari wake uliouzwa kwa bei nafuu vilikuwa vimekwisha kuwazoesha kuwaona Wabatavi kama babu zao.

Tangu hapo Mbatavi alitoka vitabuni. Baraza Kuu la majimbo yote lilinunua picha 12 za mchoraji Otto van Veen zinazoonyesha vita vya Wabatavi na Warumi. Mwaka 1619 Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India ilianzisha mji wa Batavia katika kisiwa cha Java, ambao leo ni Jakarta. Rembrandt naye alichora kiapo cha Civilis kwa ajili ya ukumbi wa mji wa Amsterdam.

Wafrisia hawakuingia katika hadithi hii kwa urahisi. Wao walikuwa na babu yao, Friso, aliyesemwa kuwa alitoka India katika zama za Iskanda Mkuu, na msomi Suffridus Petrus alimtetea kwa maandishi mwaka 1590. Aliyemkataa Friso alikuwa Ubbo Emmius, mtu wa pwani ya Frisia Mashariki aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu cha Groningen. Namheshimu sana Emmius, kwa sababu alikataa ngano iliyowapendeza watu wake mwenyewe, tena wakati ambapo kila jimbo lilikuwa likitafuta babu wa kale kuliko wa jirani.

Brabant ilikatwa vipande viwili na vita. Antwerp ilirudi mikononi mwa Uhispania mwaka 1585, na tarihi yake ya 1497, isiyo duni hata kidogo, ikabaki kumbukumbu ya watu walioishia upande wa pili wa mpaka. Holland, iliyokuwa tajiri kuliko majimbo yote yaliyoasi na iliyobeba zaidi ya nusu ya gharama zao za pamoja, ilikuwa na fedha, matbaa na Chuo Kikuu cha Leiden cha kuiendeleza hadithi yake. Ilipofika mwaka 1795, wanamapinduzi walipoipindua serikali ya zamani, waliita dola mpya Jamhuri ya Batavia, na katiba yao ya mwaka 1798 ikafuta mamlaka ya majimbo yote, ya Gelderland na ya Frisia, na ya Holland yenyewe pia.