Aliyekufa na Aliyepotea

Baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa madirishani kwa kuwa viti vimekwisha, karibuni. Nimeombwa niseme habari za kifo na yanayofuata baada yake, kwa jinsi dini, falsafa na fasihi zinavyoyasimulia. Nikisema yote tutalala hapa, na mafuta ya jenereta hayatoshi. Kwa hiyo nitashika neno moja tu, na nitaanzia hapa hapa Goma.

Kuna usiku mbingu juu ya Nyiragongo huwa nyekundu. Ninyi mnauona wekundu huo mnasema volkano imeamka, mnafikiria 2002, mnafikiria 2021. Wazee wa pande zote za milima hii waliona kingine. Katika ibada ya Ryangombe, aliyeingizwa ibadani akifa alikwenda mlima Karisimbi, kukaa na Ryangombe mwenyewe, yule mwindaji aliyeuawa na nyati. Asiyeingizwa alitupwa Nyiragongo, motoni. Mapadre walipofika na mahubiri ya jehanamu hawakuhitaji mchoro ubaoni. Lakini mimi kinachonivuta si moto. Ni kwamba wafu walikuwa na anwani. Mtoto akiuliza babu yuko wapi, mtu mzima alinyoosha kidole kuelekea mlimani.

Sasa mtu ambaye hatujui hata kama amekufa, kidole tukinyooshe wapi?

Nawaomba mtazame lugha yetu. Aliyefiwa ukikutana naye njiani, unamwambia pole. Unakwenda kwenye kilio, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unatoa mchango, siku ya kuondoa matanga unakula. Kila mtu anajua la kufanya na mikono yake. Lakini mama ambaye mwanawe alitoka kwenda shambani na hakurudi, humwambii pole. Unamuuliza, "Kuna habari?" Miaka kumi baadaye bado unamuuliza, "Kuna habari?", mpaka aibu inakushika, unaanza kupita njia nyingine. Mji huu una mama wa namna hiyo katika kila mtaa, na wengine wamo humu ndani.

Wagiriki walilijua jambo hili. Katika Odisea, utenzi wa Homer, Odysseus, shujaa anayerudi nyumbani kutoka vitani, anashuka hadi kwenye mlango wa kuzimu, na roho ya kwanza kumjia si ya shujaa. Ni ya Elpenor, kijana aliyelewa, akalala juu ya paa la nyumba ya Circe, yule mchawi, akaanguka akavunjika shingo, na wenzake wakaondoka bila kumzika. Anaomba nini? Haombi kurudishiwa uhai. Anaomba achomwe pamoja na silaha zake, arundikiwe udongo ufukweni, na juu yake lichomekwe kasia alilokuwa akipigia alipokuwa hai. Wavuvi wa sambaza wa Kivu wangemwelewa papo hapo. Karne nyingi baadaye Virgil, mshairi wa Roma, aliweka sheria kali zaidi: wasiozikwa hutangatanga kando ya mto wa wafu miaka 100 kabla ya kuvushwa.

Mwanafalsafa atacheka. Socrates alicheka kweli. Mwaka 399 kabla ya Kristo, saa chache kabla ya kunywa sumu aliyohukumiwa, rafiki yake Crito alimuuliza, tukuzike vipi? Akajibu: mnavyotaka, mkiweza kunikamata. Maana kwake Socrates alikuwa roho, na mwili ule ungebaki kama nguo iliyovuliwa. Nimelifundisha jibu hilo miaka mingi nikilisifu. Siku hizi nalisifu kidogo. Socrates alikuwa na rafiki kando ya kitanda, wa kumfumba macho, na wanawe waliletwa kuagana naye. Ni rahisi kuudharau mwili ukijua uko mikononi mwa watu wako.

Julai 1994 kipindupindu kiliingia kwa wakimbizi waliokuwa wamevuka kutoka Rwanda. Walikufa karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Na ninyi mnajua ardhi yetu: ukichimba choo unavunja mawe kwa nyundo kwa wiki nzima. Jiwe la volkano lilikataa makaburi. Maiti zililazwa kando ya barabara, zimefungwa kwenye mikeka, mpaka askari Wafaransa wakaleta tingatinga, watu wakazikwa kwa mafungu. Hakuna aliyeandika nani yuko wapi. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na ndugu ambao hawakupata hata mkeka wa kutazama.

Wengi wenu mmemsoma John Mbiti, Mkenya, mwanafalsafa na padre wa Kianglikana, aliyeandika mwaka 1969 kwamba wakati wa Mwafrika una sehemu mbili. Akazipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Mfu hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, vizazi vinne au vitano, kisha huzama Zamani. Wamempinga sana, hasa pale aliposema kwamba Mwafrika hana wakati ujao ulio mbali, na mimi nawaunga mkono. Nani hapa halipi karo kwa ajili ya wakati ujao? Lakini kwenye jina alishika kitu. Ila hakumwekea nafasi aliyepotea. Huyo anatajwa kila siku, kuliko wafu wote wa ukoo, lakini anatajwa kama mtu wa kurudi. Hayumo Sasa, Zamani hajafika.

Dini zilimwona. Sheria ya Kiislamu inamwita mafqud, na sura yake inajitegemea. Khalifa Umar alimpa mke wa mtu kama huyo miaka minne ya kungoja, kisha eda ya miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru. Wanazuoni wengine walitaka muda mrefu zaidi. Napenda ujasiri wa hukumu ile: kadhi hasemi mtu amekufa, anasema kungoja kuna mwisho.

Na Biblia? Mwanzo 37. Yakobo analetewa kanzu ya Yusufu iliyochovywa damu ya mbuzi. Mwili hakuna, kanzu tu. Wanawe na binti zake wanakuja kumtuliza, anakataa, anasema atamshukia mwanawe kuzimu akisikitika. Walimu wa Kiyahudi waliuliza kwa nini mzee hakutulizika, na jibu lao huwa linanisimamisha: moyo umepewa kumsahau aliyekufa, haukupewa kumsahau aliye hai. Yusufu alikuwa Misri. Moyo wa Yakobo ulikataa kwa sababu, bila yeye kujua, ulikuwa sahihi.

Hapo ndipo ninapoogopa, kwa kuwa nyumbani kwetu pia kulikuwa na koti.

Mjomba wangu alipotelea njia ya Sake katika vita vya 1996. Alivua koti la kahawia akamwachia koko, nyanya yangu, akisema jua kali. Koko alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango na hakuruhusu lifuliwe. Miaka kumi na tatu. Jioni alipopakua ugali alihesabu sahani, na moja ilizidi daima. Baba alikwenda kwenye ofisi fulani kutafuta cheti cha kifo, kwa sababu ya paseli, yaani kiwanja. Karani akamuomba karatasi ya mazishi. Baba akasema hakukuwa na mazishi. Karani akamwambia, basi hakufa.

Mwaka 2009 wajomba waliobaki waliamua. Wakachimba kaburi fupi, sanduku dogo, wakataka koti. Koko alilileta mwenyewe. Akalikunja mikono ndani, kama afanyavyo dobi, akatia mkono mfukoni, akatoa tiketi ya basi iliyokuwa imegeuka unga, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Katekista akasali. Wanawake wakalia kilio kile kilichokuwa kimengoja miaka kumi na tatu, na majirani, kwa mara ya kwanza, wakaja mmoja mmoja kumwambia pole. Jioni ile alihesabu sahani. Ilizidi moja.

Sijui kama tulimzika mtu au tulizika swali. Nimeuliza vitabu vyote nilivyowatajia leo. Elpenor angesema tulifanya vizuri. Yakobo angetukatalia.

Oktoba 2024 boti lilizama hapa ziwani, mbele ya bandari ya Kituku, watu wakisimama bandarini wanaliona, na wengine waliokuwamo hawakupatikana. Familia zao zitalazimika kuamua kama tulivyoamua sisi, na hakuna padre, shehe wala mwalimu wa falsafa atakayewashika mkono mpaka mwisho wa kuamua huko.

Ninyamaze hapo. Yule mama wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Kituku. Mpeni maikrofoni.