Kiti Hakina Breki: Samani za Trela Kabla ya Safari

Ndugu zangu, wazee wetu, kina mama, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie haya matrela ya kulala yanayokokotwa na pikapu, kwa kuwa kila kiangazi familia zetu hapa Houston zinakodi, na nyingine sasa zinanunua. Najua mlitegemea nianze na matairi na breki. Hayo mtaelezwa na yeyote atakayewauzia trela. Mimi nimekuja kuongelea viti.

Naona humu ndani madereva wa semi, yale malori makubwa ya mizigo, ni wengi, basi nianze na lugha yao. Sheria ya shirikisho ya kufunga mzigo, ile mliyojifunza kabla ya kupewa CDL, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara, inataka mzigo ufungwe uweze kuhimili msukumo wa kwenda mbele wa asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa nyuma na kwa kila ubavu. Ni kweli sheria hiyo ni ya magari ya biashara, na trela lako la likizo halimo. Lakini ukikanyaga breki, kiti hakijui kama uko kazini au umepumzika.

Tupige hesabu kidogo. Sofa ya watu wawili ya kujinyoosha, ile yenye vyuma na mota ndani, tuseme ina kilo 70. Asilimia 80 ya hizo ni kilo 56 zinazoisukuma mbele pale lori la mbele yako linaposimama ghafla. Miguu yake ni ya plastiki, sakafu ni ya vinili. Msuguano ukijitahidi sana utashika kama kilo 25. Kilo 31 zilizobaki anazishika nani? Hakuna anayezishika.

Na hapo nimeipendelea sofa, maana nimeichukulia kama imetulia sakafuni. Trela halitulii. Tukitoka hapa kwa barabara kuu ya I-10 kwenda New Orleans, tukishapita Lafayette tunapanda lile daraja la Atchafalaya, maili 18 hivi juu ya maji na miti, na viungo vya daraja vinagonga matairi tangu mwanzo hadi mwisho. Kila kigongo kinarusha sakafu juu kisha kinaiacha ishuke. Inaposhuka, kiti kinabaki chepesi kwa kitambo kidogo, na kwa kitambo hicho msuguano unakuwa karibu haupo. Upepo ukisukuma ubavu wa trela, au barabara ikiinama kidogo, kiti kinasogea milimita chache. Kigongo kinachofuata, milimita nyingine. Ndiyo maana watu husema, "Sikufunga breki hata mara moja, mbona meza imefika mlangoni?" Meza imetembea yenyewe. Chunguza sakafu ya trela lililotumika kabla hujalinunua: ukiona michubuko mifupi mifupi iliyopinda, imepangana kuelekea upande mmoja, jua hapo viti vilikuwa vikitembea.

Nyuma ya ekseli mambo huwa mabaya zaidi. Sehemu iliyo juu ya magurudumu hurushwa kiasi, lakini mkia unapanda na kushuka kwa masafa marefu. Na watengenezaji wanapenda kuweka wapi zile sofa nzuri zenye dirisha kubwa? Mkiani.

Zamani tatizo hili lilikuwa dogo. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town, wakapanda Afrika nzima hadi Cairo, wakafika 1960. Fikirieni barabara za wakati ule. Katika matrela ya aina ile kitanda, benchi na kabati vilijengwa pamoja na bodi, kwa hiyo cha kutembea ndani kilikuwa kidogo sana. Leo mnunuzi anataka trela lifanane na sebule: meza yenye viti vinne vya kuhamishika, sofa za kujinyoosha, meza kubwa ya katikati ya jiko. Kiwanda kinampa anachotaka, na mara nyingi kinatia mikanda miwili mitatu ndani ya mfuko wa plastiki droo ya chini. Nendeni mkaitafute hiyo mikanda, wengi hawajui kama wanayo.

Sasa kufunga. Kama mtasahau yote niliyosema, mshike hili moja: funga kwenye mifupa ya trela, usifunge kwenye ngozi. Ukuta unaouona ni plaiwudi nyembamba, kama milimita 3, na nyuma yake mara nyingi ni sufi au foma. Skrubu iliyoshika plaiwudi tupu itang'oka na kipande cha ukuta. Lazima ifike kwenye fremu, iwe ya mbao au ya alumini, na fremu utaipata kwa sumaku, inayonasa skrubu za chuma zilizopigwa humo, au kwa kifaa cha kutafutia nguzo za ukuta. Sakafu ni bora kuliko ukuta, maana mkanda unaovuta kuelekea chini unakibana kiti na kukizuia kuruka. Ule uliovutwa sambamba na sakafu unazuia kuteleza tu, kuruka unaruhusu.

Lakini subiri, usiende na drili leo usiku! Chini ya sakafu hiyo kuna mabomba ya maji, nyaya, njia ya hewa moto, na matangi ya maji safi na machafu. Vyote vimefichwa na shuka la plastiki uvunguni, huwezi kuviona. Skrubu ya inchi mbili inaweza kutoboa tangi, na ninyi mnajua tangi gani litakuwa. Anza na matundu ambayo kiwanda kilishatoboa. Kama hayapo, fungua uvungu uone kwanza, kisha tumia bolti inayopita sakafu yote, na chini yake weka washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu, ili nguvu isitegemee meno ya skrubu kwenye mbao laini. Juu weka pete ya chuma inayolala, watoto wasijikwae.

Kuhusu mkanda wenyewe: ile mipira ya ndoano tunayofungia mizigo kwenye bodaboda muiache kwa mablanketi na ndoo. Mpira unavutika, na kazi tunayotaka ni kutovutika. Tumia mkanda wenye bizimu, kile kibano cha chuma, na usome kibandiko chake: uzito wa kufanyia kazi ni kama theluthi ya uzito wa kukatika, na muuzaji mjanja huandika ule mkubwa kwa herufi kubwa. Racheti, ule mkanda unaokazwa kwa mkono wa chuma, ni imara, ila ina nguvu kuliko fremu ya kiti. Ukiikaza kwa hasira utavunja mguu wa kiti kabla hujatoka uani. Pitisha mkanda kwenye chuma cha chini cha sofa. Mkono wa sofa ni sponji na ubao mwepesi.

Jambo la slaidi nalisema polepole, maana limekula pesa za watu. Kile chumba kinachotoka pembeni kina sakafu yake, na sakafu kuu ni nyingine. Kiti kilicho ndani ya slaidi kifungwe kwenye sakafu ya slaidi. Ukikifunga kwenye sakafu kuu, mkafika kambini, mtoto akabonyeza swichi, mota itavuta upande mmoja na mkanda upande mwingine, na mota haioni huruma. Kwa hiyo siku ya safari ning'iniza kitambaa chekundu kwenye swichi hiyo hadi mikanda yote ifunguliwe.

Vitu vidogo nivipitie haraka. Sahani ya kioo ya maikrowevu itolewe, izungushiwe taulo. Televisheni ifungwe kwenye mkono wake au ilazwe kitandani. Milango ya kabati iliyoshikwa na sumaku tu haishiki, weka komeo. Friji ya kawaida ya nyumbani inahitaji kufuli la mlango, na ndani kijiti cha springi mbele ya kila rafu.

Na mizigo mizito isihamie mkiani. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela inapaswa kukaa kwenye ndoano ya pikapu. Ikipungua, trela linaanza kupiga mkia barabarani, na hapo viti havitakuwa shida yako kubwa.

Mkitoka, simameni ndani ya maili 50 za kwanza mkague. Madereva mnaijua hiyo, ni sheria kwenu. Mlango ufunguliwe taratibu, mtu akisimama pembeni, kwa sababu unafunguka nje na huenda kuna kiti kimeuegemea.

Kuna mama pale ameinua mkono. Anauliza: kama trela ni la kukodi, hawezi kutoboa, afanyeje? Swali zuri. Mama, usitoboe kitu. Vichukue viti vyote, uvilaze chini, mgongo ukielekea mbele, vikiegemea sehemu ya kitanda au benchi iliyojengwa na bodi, ili ukipiga breki visiwe na pa kwenda. Fungia mkanda kwenye mguu wa meza iliyopigwa bolti na kiwanda, ukiwa na hakika imepigwa. Halafu jaza mito na mablanketi kila palipobaki wazi, usiache hata upana wa kiganja, maana kiti kikipata nafasi hiyo kinapata na mwendo.