Fungu la Nyanya la Shilingi 500

Ndugu zangu, tuanzie sokoni. Fungu la nyanya mwaka jana lilikuwa shilingi 500, na leo ni shilingi 500. Je, bei imepanda?

Naona akina mama mnacheka. Mnajua. Zamani fungu lilikuwa na nyanya tano, leo ni tatu, na moja imelazwa upande ili usione ilipobonyea. Mia tano ni ileile, ila nyanya moja imetoka shilingi 100 hadi karibu 167. Hapo bei imepanda kwa asilimia 67 bila muuzaji kutamka neno. Ndiyo maana mkusanya bei anayeijua kazi yake haulizi bei tu. Fungu analiweka kwenye mizani, kisha anatafuta bei ya kilo.

Bei hizo, pamoja na za nauli, kodi ya nyumba, mkaa na sabuni, huunganishwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania ili kupata mfumuko wa bei, yaani bei kwa jumla zimepanda kwa asilimia ngapi ndani ya mwaka. Desemba 2024 ulikuwa asilimia 3.1. Mtu katoka sokoni kapu nusu tupu, akisikia hiyo 3.1 anasema, "Wanatudanganya hawa!"

Hawadanganyi. Kapu lao si lako. Kila bidhaa hupewa uzito kulingana na sehemu ya matumizi ya kaya inayochukua, na katika kapu la taifa chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina asilimia 28.2. Sasa jiulize: katika kila mia unayotumia, inayoliwa ni 28 tu? Kwa wengi waliopanga chumba kimoja Tandale, chakula kinaweza kumeza hata 60. Tuseme chakula kipande kwa asilimia 10, vingine vyote vitulie. Kapu la taifa litaonyesha mfumuko wa 2.8. Lako, 6. Mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, aliliona hili mwaka 1857: kaya ikizidi kuwa maskini, sehemu ya matumizi inayoishia chakulani huzidi kukua.

Halafu kuna kosa ninalolisikia kila mara, hata redioni, nami huwa linanikera: eti mfumuko umeshuka, basi bei zimeshuka. Unga ukitoka 1,000 hadi 1,200 mwaka huu, mwakani ukafika 1,230, mfumuko wake umeanguka kutoka asilimia 20 hadi 2.5. Lakini dukani unatoa 1,230. Ile 1,000 mwenye duka ameshaisahau.